Umeme wa Bahari wa Kila Alasiri

Nichekeni tu. Miezi mitatu nilijifungia chumbani Kilwa Kivinje, muziki masikioni, nikikokotoa kwa kompyuta umeme unaozuka baharini sumaku ya dunia inapoyumba. Kipimo cha sumaku nilikifukia uani, chini ya dirisha. Kila alasiri mstari wake kwenye skrini uliruka. Nikamwita mkuu wangu kutoka Dar, kifua mbele: bahari ya huku ina tabia yake!

Alipofika, mstari ukaruka tena. Tukachungulia dirishani. Bi Somoe, mwenye nyumba, alikuwa ameweka mbuzi yake ya chuma juu ya kipimo, anakuna nazi.

“Shikamoo, mama. Unakaa hapo kila siku?” mkuu akauliza.

“Marahaba. Kila alasiri, mwanangu. Huyu mpangaji wangu hana wa kuzungumza naye. Nikaona nikune nazi hapa, angalau asikie kuna mtu.”