Siku Niliyovaa Chuma cha Askari wa Roma

Mzee niliyekuwa nikimhudumia mtaa wa Riverside, hapa mjini Buffalo, alikuwa amefundisha historia maisha yake yote. Kila asubuhi nilimwogesha, nikamfunga vifungo vya shati, nikampikia uji wake. Siku moja akaniambia kwamba mjukuu wake wa kike amemwomba aende darasani kwao kueleza habari za askari wa Roma.

"Mavazi yangu yote ya Kirumi, niliyofundishia, yako kwenye chumba cha chini ya nyumba," akasema. "Utanivika."

Nikapandisha masanduku mawili. Kanzu fupi ya sufu haikunipa shida. Makubazi ya ngozi yalikuwa na misumari kwenye soli. Alipokanyaga sakafu ya jikoni akateleza, nikamdaka. Kisha likaja vazi lenyewe, mabamba ya chuma yaliyopandana, yakifungwa kifuani kwa kamba. Nilipomwekea mabegani, uzito ukamshinda. Akaketi, akanirudishia.

"Basi vaa wewe."

"Mimi? Mimi ni mwanamke, tena wa Kivu."

"Jeshi lile lilikuwa na watu wa kila nchi. Inua mikono."

Siku hiyo yeye ndiye aliyenivika. Kila kamba aliijua. Alianza kwa kunizungushia kitambaa shingoni, ili chuma kisinichubue.

Darasani alikaa kwenye kiti cha magurudumu alichotumia akitoka nje, akawa akielekeza fimbo kwenye kila nilichovaa: kofia, mabega, mkanda wenye vipande vya chuma vilivyolia kila nilipopiga hatua. Watoto walicheka, kisha wakatulia. Msichana mmoja akauliza kama vitu hivyo ni vizito.

"Ni kama kupanda mlima na dumu la maji mgongoni," nikamjibu. "Ila dumu, ukifika nyumbani, unalitua."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema yeye hakuwahi kulieleza jambo hilo vizuri namna hiyo.

Jioni nikamtumia picha mama yangu, anayeishi Louisville. Akanipigia papo hapo, akichanganya na Kifaransa kama kawaida yake.

"Bon, mwanangu, hao si ndio walimsulubisha Bwana?"

"Ndio hao, mama."

"Lakini kulikuwa na yule akida wao wa Kapernaumu, mwenye imani. Donc, wakikuuliza kanisani, sema ulikuwa yule."

Mabega yaliniuma siku tatu. Wiki iliyofuata darasa lingine likatuita, nami nikaenda na taulo mbili za kuweka chini ya chuma.