Jinsi Nilivyomhamisha Mama Apiyo Kutoka Dunga

Harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, wanaoanza kushikwa na jua huingia kwenye nguo na kukataa kutoka. Likizo ile ya Agosti, nikiwa darasa la sita, niliinusa kila asubuhi kwa sababu mama yangu alianika omena kwenye ufuo wa ziwa, Dunga, na neti yake ilipakana na ya Mama Apiyo. Kila mwanamke alikuwa na kipande chake cha kuanikia. Hakikuandikwa popote, lakini kilijulikana, na aliyekiacha kwa siku chache alikuta neti ya mwingine imetandazwa. Cha Mama Apiyo kilikuwa kizuri kuliko vyote: mchanga mgumu, hatua chache tu kutoka mashua zilipofikia. Mapacha wake, Apiyo na Adongo, walitambaa hapo siku nzima.

Baba alikuwa mwalimu, nami niliongoza darasani, kwa hiyo wanawake wa ufuoni waliniita Profesa. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyopenda kujua mambo.

Asubuhi moja ardhi ilitikisika. Sufuria ziligongana, mbwa wakabweka, kisha kukatulia. Mwanamke mmoja akaniita kwa utani, "Profesa, ni nini hiyo imetutingisha?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini wiki hiyo nilikuwa nimefunua kitabu cha jiografia cha kaka yangu na kuona mchoro wa bamba la mwamba likizama chini ya jingine, na vishale vya maji vikipanda kuelekea volkano. Maelezo yalikuwa magumu, nikayaruka.

"Ni maji," nikasema, nikionyesha ziwa. "Yanaingia chini, yanayeyusha mawe. Ardhi inatikisika kwanza, halafu moto unatoka."

"Yawa! Hii ziwa yetu?" Mama Apiyo aliuliza. "Na hiyo moto itatokea wapi?"

"Hapa ufuoni."

"Basi tutakaanga samaki bila kuni!" mwingine akasema, wakacheka wote. Mama Apiyo alicheka kidogo, kisha akamwinua Adongo mchangani.

Siku ya tatu alikunja neti yake akaenda kuuza nyanya kando ya barabara, mbali na maji. Mama yangu alimsihi abaki. Akajibu, "Mtoto wa mwalimu amesoma." Nilikuwa nimesimama pale pale. Kipande chake kilikaa wazi siku nne, na kila siku niliamka nikipanga kukiri kwamba nilitazama picha tu. Niliogopa kuacha kuitwa Profesa. Siku ya tano kilipata mwenyewe mpya.

Chuoni, nikisomea jiolojia, hatimaye niliyasoma maelezo yale. Bamba la sakafu ya bahari linapozama, hubeba maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Joto na mgandamizo huyafukuza. Yakipanda, huufanya mwamba wenye joto wa juu yake uyeyuke kwa joto dogo zaidi, na hapo volkano huzaliwa. Yakinaswa kwenye ufa, husukuma kuta zake hadi zishindwe kushikana, nazo huteleza kwa tetemeko. Ziwa letu halina bamba linalozama. Mitetemo yetu hutoka kwenye Bonde la Ufa, ambako ardhi inatanuka. Darasani wenzangu waliandika, mimi nilitazama meza.

Mwezi uliopita, baada ya kufanya mazoezi ya maneno yangu kwa wiki nzima, nilimwendea Mama Apiyo. Bado anauza nyanya. Alimwambia mteja, "Huyu ndiye alituokoa, akiwa mdogo hivi!" Nikamweleza yote, pamoja na yale ya Profesa. Aliendelea kupanga nyanya, nne chini, moja juu, mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo ningekaa tu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akamgeukia mteja wake. Sasa naweza kumchorea mtu yeyote safari ya maji yale chini ya bahari, kishale kwa kishale. Wakati ule nilihitaji neno moja tu, "sijui", na nilikuwa nalo.