Kipimo cha Hewa Kilichokataa Kutulia

Saa nne asubuhi, kibandani kwake karibu na soko la Katoro, fundi redio Anisia Mihayo hana habari na wateja. Anautazama mshale wa kipimo cha hewa ya sumu. Hakuna moshi, lakini mshale unatetemeka. Kengele inalia, inanyamaza, inalia tena.

Mlangoni amesimama Bujiku, msimamizi wa duara, shimo la dhahabu lenye kina cha mita arobaini. Watu tisa wanasubiri kushuka. Mmoja wao ni Luka, mdogo wake Anisia.

"Mama Nelly, si inalia? Nipe niende," anamwambia Anisia.

"Inalia ovyo, baba. Masikio yakishaizoea, siku ya sumu nani atapanda?"

Anisia ana miaka 43. Ufundi ameufanya kwa miaka ishirini. Jana alibadilisha chipu iliyoungua kwenye kipimo hicho, ile inayokuza umeme hafifu wa kihisio kinachonusa hewa. Ilikuwa ya namba 741. Alikosa nyingine kama hiyo, akaweka 301 aliyoing'oa kwenye mashine kuukuu. Zote zina miguu minane.

"Mwezi wa tatu, duara la jirani waliwatoa wawili hawajitambui, moshi wa jenereta," anasema, sauti ikishuka. "Nikikosea mimi, nitamwambia nini mama?"

Anafungua kitabu cha michoro, anailaza michoro ya chipu hizo mbili sambamba. Kidole kinapita transista moja baada ya nyingine. Za kuingizia hazina tofauti kubwa. Mbele kidogo, kidole kinaganda. Ndani ya 741 mna kapasita ndogo ya kuituliza. 301 haina, inataka ifungiwe nje, kati ya mguu wa kwanza na wa nane.

"Kumbe!" anajisemea.

Anachomelea kapasita. Mshale unalala. Hata hivyo hampi Bujiku. Anakiweka kipimo juu ya ndoo yenye mkaa unaofuka; kengele inalia mfululizo. Anakitoa nje, inanyamaza. Anarudia mara tatu.

Kisha anafunga kibanda, anapanda pikipiki nyuma ya Bujiku. Kipimo kinashuka na wale tisa; yeye anakaa pembeni mwa duara hadi saa tisa, Luka anapopanda, matope hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo dada. Mbona uko huku?"

"Marahaba. Nilipita tu."

Sasa Anisia anatafuta wanawake wawili wa Katoro awafundishe kusoma michoro hiyo, na anataka kila duara liwe na vipimo viwili.

"Kesho Luka anashuka tena," anasema. "Natamani siku moja ashuke, nami nibaki kibandani nikitengeneza redio."