Chambo Kisicho na Ndoano

Chambo ninachotengeneza nyumbani hakina maajabu. Nachonga soli ya kandambili iliyochakaa mpaka ipate umbo la samaki mdogo, naivika kipande cha kopo la soda ili ing'ae, nafunga manyoya ya jogoo mkiani kwa uzi mwekundu. Mwisho natia ndoano. Sangara akikiona kikikatiza majini, anakidaka.

Nilianza kazi hii nilipostaafu, nikahama Ngokolo kuja huku Geita, karibu na ziwa. Wavuvi wakavipenda. Mmoja akaniuliza, "Mzee, humu umeweka dawa gani?" Nikacheka tu, nikamwambia kila fundi ana lake. Nilijua vizuri dawa maana yake nini kwa watu wa huku. Nilijua pia kwamba chambo chenye dawa kinauzika kuliko chambo cha kandambili. Sikukanusha, na hilo najutia mpaka leo.

Jirani yangu ni mchimbaji. Tulikuwa watu wa kuombana chumvi. Nilipougua malaria, mke wake ndiye aliyenipikia uji. Asubuhi moja jirani akaja barazani kwangu.

"Shikamoo mzee. Nifungie kimoja, lakini usitie ndoano."

"Marahaba. Sasa utavulia nini?"

"Mimi sivui." Akatazama barabarani kwanza. "Nataka kukining'iniza duarani, kiite dhahabu."

Duara ni lile shimo lao la kutafutia dhahabu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikamfungia.

Mvua zilipokolea, duara likajaa maji hadi mdomoni. Hakuna aliyekuwa ndani, lakini kazi yao ya msimu mzima ilizama. Jirani akaja, akasimama nje ya ua, hakuingia.

"Chambo chako kimeita maji, mzee. Kimetafuta kwao."

"Ni mvua, kijana wangu. Kwani maduara ya wenzako hayakujaa?"

"Yalijaa. Langu ndilo lililoanza."

Tangu siku ile nikimsalimu mwangaluka, ananijibu huku akinitazama mikono. Watoto wake wamekatazwa kupita uani kwangu. Nikifika dukani, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya pamba. Macho yangu ni mekundu kwa uzee, na nimewaona vijana wakiyachunguza. Mzee wa umri wangu akiitwa mchawi huku kwetu, anaweza kuuawa. Nami nimeanza kumshuku kila mtu: nani anamjaza jirani maneno?

Nikachukua chambo kimoja, nikaenda kwake mchana kweupe, nikakifumua mbele yao. Uzi, manyoya, kopo, kandambili. Basi.

Mke wake akasema, "Baba, hicho umekuja nacho wewe. Chetu kiko chini ya maji."

Nikaokota uzi na manyoya yangu, nikarudi nyumbani.

Siku hizi nafanyia kazi barazani, kila apitaye aone. Juzi alikuja mvuvi mgeni, na jirani alikuwa upande wa pili wa ua akigonga mpini wa jembe. Nikapaza sauti makusudi:

"Humu hamna dawa! Ni kandambili na manyoya ya jogoo!"

Mvuvi akageuka, akamwona jirani, akanikonyeza.

"Nimekuelewa, mzee," akasema, naye hakujua kunong'ona. "Mbele za watu tuseme kandambili."

Akacheka mwenyewe. Upande wa pili wa ua, kugonga kukakoma. Jirani akaingia ndani na jembe lake, akafunga mlango.