Bwawa la Baba Kule Mombo

Mwanangu wa pili amenipigia simu kuniuliza kama achimbe bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yake. Joto la Dar es Salaam limemshinda, anasema, na mkewe ameona picha mahali. Watoto wa siku hizi wakituuliza jambo wanauliza kwa adabu tu; wao huwa wamekwisha kuamua. Lakini kwa hili la bwawa amebisha mlango wenyewe. Katika ukoo wetu mzima, watu wa milimani tunaojua maji ya kunywa, ya kupikia na ya kumwagilia, ni nyumba yetu peke yake iliyopata kuwa na bwawa la kuogelea. Tulikuwa nalo wakati wa Ujamaa, na hakuna aliyeogelea.

Baba alikuwa fundi mkuu wa karakana katika shamba moja la mkonge huko chini, upande wa Mombo. Mama alikuwa juu kijijini kwetu, mbali kidogo na Lushoto mjini, akilima mahindi, maharage na viazi kwenye mteremko ambao mgeni asingethubutu hata kuusimamia. Ndivyo walivyoishi tangu sijazaliwa. Jumamosi Baba anapanda na lori, Jumapili asubuhi yuko kanisani katika shati lililopigwa pasi, alasiri anashuka na kapu la viazi. Mimi nilikua nikidhani ndoa zote zina ratiba ya lori.

Mama aliwahi kukaa Mombo mara moja tu, alipokuwa bibi harusi, akarudi na masimulizi ya kumtosha maisha yake yote. Kwamba huko kuku hutembea midomo wazi. Kwamba ukikalia kiti cha chuma mchana unaacha ngozi. Kwamba usiku hata shuka linatoa jasho. Baba alikuwa akisema Mama anatia chumvi. Mimi niliposhuka baadaye niliwaona kuku hao kwa macho yangu, na midomo ilikuwa wazi.

Baada ya Azimio, shamba lile lilipochukuliwa na serikali, meneja wa Kizungu alifunga virago, na nyumba yake akapewa Baba. Ilikuwa nyumba kubwa yenye baraza ya wavu, na nyuma yake bwawa la kuogelea. Mzungu aliliacha kavu, lina ufa upande mmoja, limejaa majani ya mwarobaini, na ndani yake anaishi kenge mnene asiyekuwa na wasiwasi na mtu.

Mwaka huohuo mimi, kitinda mimba, nilikuwa namaliza shule ya kati. Nikifaulu ningekwenda kukaa bweni. Mama angebaki peke yake juu, Baba peke yake chini, na Baba aliona kuwa ni sasa au basi: Mama ashuke, wazeeke pamoja. Ila Baba hakuwa mtu wa kutamka jambo la namna hiyo. Alikuwa mtu wa mashine. Mama hashuki kwa sababu ya nini? Joto. Dawa ya joto ni nini? Maji. Na mahali pa maji pako nyuma ya nyumba, panasubiri saruji tu.

Akaja na hoja hiyo Jumamosi moja tukiwa jikoni tunapukuchua mahindi.

"Kuna bwawa," alimwambia Mama. "Mtu anatoka kazini, anaingia majini mpaka hapa." Akajigusa kifuani. "Joto lote kwisha."

"Anaingia na nguo?"

Hilo Baba hakuwa amelifikiria. "Wazungu wana nguo zake maalumu," alisema.

"Nimeziona hizo nguo kwenye gazeti," Mama alisema. "Baba watoto, mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani."

Hata hivyo alikubali tushuke likizo ikifika, aje aone tu. Lile neno "tu" Baba hakulisikia. Alishuka kesho yake akipiga mluzi.

Sasa hapo ndipo alipofanya kosa ambalo yule Mzungu asingeweza kulifanya hata kwa bahati mbaya. Kwetu milimani tuna ndiva, mabwawa ya udongo yanayokusanya maji ya mfereji usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani. Ndiva ikiziba au ikibomoka hakuna anayeajiri kibarua. Unaitwa msaragambo: kila nyumba inatoa mtu na jembe, kazi inafanywa na wote, na aliyetoa jasho lake pale ana zamu yake ya maji. Hakuna anayeandikiana, kila mtu anajua. Baba alitazama shimo lake, akatazama likizo inavyokaribia, akafanya kile ambacho babu yake angekifanya. Akaita msaragambo.

Watu walijaa. Walikuja wakata mkonge wa kambini, watu wa kila kabila na kila dini, na wakulima wa jirani ambao wengi walikuwa wameteremka kutoka milimani kama yeye. Walimtoa kenge, wakazoa majani, wakaziba ufa, wakapiga lipu. Kisha wakachimba mchirizi kutoka kwenye mfereji mkubwa mpaka ukingoni mwa bwawa. Baba akachinja mbuzi. Mwinjilisti wetu wa Mombo alikuja naye kutazama, akamvuta Baba pembeni na kumwomba kwa upole asije akawapa watu mawazo, maana sisi Walutheri kwa ubatizo tunatosheka na maji ya bakuli. Zaidi yake hakuna aliyeuliza chochote. Angeuliza nini? Pana shimo kubwa, limesakafiwa vizuri, mfereji unaingia. Kila mtu alijua ni kitu gani isipokuwa mwenye nyumba.

Tuliposhuka, Mama na mimi, maji yalikuwa yamejaa. Sitasema uongo, lilikuwa linapendeza. Baba alitupitisha nyuma ya nyumba kabla hata hatujatua mizigo, akavua viatu, akashuka ngazi ya chuma na kaptula yake ya kazini, akasimama majini mpaka kifuani akiwa ameishika ile ngazi kwa mikono miwili. Hakuiachia. Hapo ndipo nilipong'amua kuwa baba yangu, mwenye kuweza kufungua injini ya lori na kuirudisha, hajui kuogelea. Angejifunzia wapi? Mito yetu ni baridi na ina mawe, mtu anavuka haraka anakwenda zake.

"Njoo," alimwambia Mama.

Mama alisubiri mpaka jua limeanza kuegemea, akanituma niangalie kama kuna watu, kisha akashuka na gauni lake na khanga mbili juu yake. Maji yakamfika magotini. Akasimama. Akachota kwa kiganja, akayanusa, akamtazama Baba.

"Haya umeyaweka jikoni?"

Maji yalikuwa yamekaa juani tangu asubuhi, na jua la Mombo halina mzaha. Yalikuwa moto kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Baba alieleza kwamba alfajiri yanakuwa baridi. Mama akasema alfajiri hata Mombo yenyewe ina baridi, kwa hiyo bwawa linaondoa joto saa ambayo joto halipo. Nilicheka, nikaambiwa nikatoe mizigo.

Jumatatu asubuhi tuliamshwa na sauti za wanawake. Walikuwa wameuzunguka ukingo wote na madebe na nguo za kufua, na mtoto mmoja alikuwa anasuguliwa masikio. Upande wa chini mkulima mmoja wa makamo alikuwa ameshika mtaimbo, akipiga ukuta wa bwawa kwa utaratibu.

Baba alitoka na fulana. "Wewe! Unafanya nini?"

"Shikamoo, fundi," yule mkulima alisema, akiwa ametua mtaimbo kwa heshima. "Tumeona mmesahau tundu la kutolea. Mchicha wangu uko hapo chini."

"Hili ni bwawa la kuogelea!"

Wanawake wakaacha kufua. Mkulima akatazama maji, akamtazama Baba, akatafuta jibu lisilomvunjia mkubwa heshima. "Nani anaogelea?" aliuliza.

Ilibidi aitwe balozi wa nyumba kumi. Balozi alisikiliza pande zote, kisha akauliza swali moja, kama Baba aliita vibarua au aliita msaragambo. Baba akasema msaragambo. Balozi akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kuelimishwa, kama huko milimani siku hizi watu wanakwenda msaragambo wa kuogesha mtu mmoja. Na ubaya wake, Baba ndiye aliyekuwa akisimama kwenye mikutano ya wafanyakazi kuwahutubia habari za jasho la pamoja. Alikuwa hodari kwa hotuba hizo, mpaka wengine walikuwa wanazijua kwa moyo, na asubuhi ile walimsomea. Nyuma ya wavu wa baraza nilimsikia Mama akicheka mpaka akakohoa.

Tundu likatobolewa. Mama mwenyewe ndiye aliyewapangia zamu, maana kwenye mambo ya maji alikuwa na mdomo wa kusikilizwa: kufua asubuhi, mchicha na bamia jioni, hakuna kuosha mtoto humo ndani. Baada ya siku chache wanawake walikuwa wanamwita kwa kelele kutoka ukingoni, naye anakwenda na kigoda chake, anasuka ukili na kupiga soga huku jasho likimtiririka shingoni. Maji yakapungua mpaka vyura wakaanza kuimba katikati. Baba akirudi kutoka karakana alikuwa analitazama bwawa lake kama mtu aliyeazimisha shati la harusi. Lakini akimtazama Mama anavyocheka na wenzake, nilikuwa naona uso wake unapata matumaini.

Likizo ikaisha. Asubuhi ya kuondoka Mama alikuwa barazani anafunga kapu lake kwa kamba, mimi nimekaa kwenye ngazi nasubiri lori. Baba alikuwa amesimama mlangoni, hajakwenda kazini.

"Nitalijengea paa la makuti," alisema. "Maji hayatapata jua."

Mama akakaza fundo.

"Au nitazungusha ukuta, watu wapite mbele tu."

"Wale wananisumbua?"

"Basi pampu. Nitafunga pampu, maji yawe yanazunguka usiku kucha, yakitembea hayawi moto."

Mama akaiacha kamba. "Baba watoto, hebu niambie. Unataka nishuke huku nije nikae na maji?"

Baba alivua kofia yake. Kisha akasema kwa Kishambaa, lugha ambayo hakuitumia kabisa akiwa Mombo, akiwa ameinamia mikono yake yenye grisi. Alisema amechoka kula peke yake. Alisema Jumapili akishuka, akifungua mlango wa nyumba ile kubwa, anapiga hodi. Nyumba yake mwenyewe, anajua haina mtu, na bado anapiga hodi, kwa sababu akiingia kimya anaogopa.

Mimi niliangalia miguu yangu. Mzazi wa enzi zile hakuwa akisema amechoka, sembuse kuogopa, tena mbele ya mtoto. Kwanza niliona aibu kwa niaba yake, halafu nikamwonea huruma.

"Miaka yote hii," Mama alisema, "unapanda kila Jumamosi. Unanihadithia magari, unanihadithia grisi, mwaka huu bwawa. Neno hili ulikuwa umelificha wapi?"

Lori likapiga honi barabarani. Mama akajitwika kapu, akaaga akina mama waliokuwa ukingoni, akapanda mbele na mimi nikabanana katikati yake na dereva. Baba alisimama na kofia yake mkononi mpaka tulipokata kona.

Tulipofika Soni, katikati ya kupanda mlima, hewa ilikuwa imekwisha kupoa. Mama alivua khanga ya begani akajipangusa shingo, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Mama," nilimwuliza, "lile joto utaliweza?"

"Siliwezi," alisema. "Nitashuka hivyohivyo."

Alishuka baada ya kuvuna maharage, na hakuliweza mpaka mwisho.