Diski Isiyoshikwa na Sumaku

Mimi sikusoma. Baba alisema karo ni ya kaka yangu Motari, na Motari akaacha shule darasa la sita. Nilichojua, nilikijua kwa mikono: breki. Marehemu mume wangu Onsongo alinifundisha katika gereji yetu hapa Migori, barabara ya kwenda Isebania. Nikipitisha kidole juu ya diski, ningekuambia imebakiza safari ngapi.

Onsongo alipokufa, ndugu yake Mogaka alikuja matangani na hakuondoka. Alibadilisha jina kwenye ubao, kisha kufuli mlangoni. "Shemeji, hapa ni kwako," alisema mbele ya watu wa kanisa, akaniachia chumba cha nyuma na kazi. Shamba letu la Kisii lilikuwa tayari mikononi mwake. Ningeenda wapi?

Ijumaa moja jioni, Werema, Mkuria mwenye biashara zake Nairobi, alituletea gari jekundu, la chini kama mamba. Gurudumu la mbele lilikuwa linalia. Alituachia ufunguo akaenda kula samaki.

Nilitoa gurudumu. Diski ilikuwa ya kijivu, ina madoa kama ngozi ya kenge, haina kutu hata chembe. Nikaiwekea sumaku tunayookotea nati. Sumaku ikaanguka. Nikaigonga diski kwa ukucha, ikalia kama sahani.

"Mogaka, hii si chuma," nikasema. "Ni kama udongo uliochomwa. Na kinacholia ni kokoto, limebanwa huku nyuma kwenye bati la kuzuia vumbi. Nipe bisibisi nipanue bati, kokoto lianguke."

"Leo umekuwa injinia?" Mogaka akacheka. "Gari la mamilioni lifunge breki kwa chungu? Paul, lete unga tupike ugali."

Paul, fundi wetu wa rangi, akacheka naye.

"Basi polepole," nikasema.

"Polepole na Sabato inaingia? Lete nyundo."

Sisi ni Waadventista. Jua la Ijumaa likizama kazi imekwisha, na Mogaka ni mzee wa kanisa, lazima aonekane akifunga gereji. Diski za chuma zikishikwa na kutu hugongwa zikatoka, ndivyo tulivyofanya siku zote. Akagonga mara moja. Kipande kama ukucha wa dole gumba kikaruka kutoka ukingoni. Kokoto nalo likaanguka. Mogaka akanikabidhi nyundo, akaenda kunawa mikono.

Werema aliporudi alichuchumaa, akapapasa pale palipovunjika.

"Nani amepiga hii?"

"Ni huyu mama," Mogaka akasema. "Mimi nilikuwa ndani najitayarisha kwa ibada. Hajasoma, bwana, msamehe."

Paul akatazama viatu vyake.

"Mama, ni wewe?"

Nilimtazama Mogaka. Alikuwa anachezea funguo, na kati ya hizo ulikuwemo ufunguo wa chumba changu.

"Ni mimi."

"Breki hizi zimetengenezwa zivumilie moto wa mbio," Werema akasema taratibu. "Diski ikipasuka nikiwa kwa mwendo, mimi ni maiti. Si ungeuliza tu, mama?"

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Gari lake likabebwa juu ya lori hadi Nairobi.

Jumapili Mogaka aliniambia nisiguse tena gurudumu la mtu. Sasa nafagia na kupika chai. Breki anafanya Paul, ambaye hazijui.

Wiki iliyopita alikuja Maranga, dereva wa lori la mahindi, mteja wetu tangu enzi za Onsongo. Nilisikia breki zake zikisaga chuma kabla hajasimama. Ilikuwa kazi ya Paul ya juzi tu. Nikampa chai.

"Mama Nyabuto, eti umeua gari la tajiri," akasema. "Mimi nimekataa kuamini. Niambie ni uongo, nikupe lori langu sasa hivi."

Mogaka alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni kweli," nikasema. "Mpe Paul."

Maranga alimaliza chai yake, akanirudishia kikombe, akapeleka lori gereji ya jirani. Mogaka akaniuliza ni kwa nini nafukuza wateja.