Nilimpigia Simu Mke Wangu Akishuka Mteremko wa Kaptama

Sauti ya mwisho niliyosikia kwenye simu ilikuwa ya mtoto wangu wa miaka minne akiuliza, "Mama, mbona husimami?"

Halafu simu ikakata.

Kisa hiki sijawahi kukisimulia chote. Wenzangu kazini wanajua nusu, ile nusu inayonifanya nionekane mtu wa maana. Leo naweka yote hapa. Mtanicheka, sawa, lakini wenye magari ya otomatiki msome mpaka mwisho.

Naitwa Nasir. Nafundisha udereva hapa Kitale, huu mwaka wa kumi na moja. Kabla ya hapo niliendesha lori la mahindi, Kitale hadi Bungoma, Bungoma hadi Malaba. Kwa mambo ya barabara nilikuwa najipiga kifua, na sikutaka kuambiwa kitu na mtu.

Mke wangu Hibo nilimfundisha mwenyewe.

Tuna kagari kadogo ka otomatiki, kalikotoka Japani kakiwa kamechoka kidogo. Ukitazama gia yake utaona P, R, N na D. Halafu kando ya D kuna kimfereji chenye herufi M, na alama mbili, ya kujumlisha na ya kutoa.

Siku ya kwanza kabisa Hibo aliniuliza, "Na hii M ni ya nini?"

Mwalimu mzima sikuwa najua. Kijitabu cha gari kimeandikwa Kijapani chote. Sasa ningemwambia mke wangu sijui?

"Hiyo ni mapambo," nikamjibu. "Ukiiguza tu giaboksi inakufa."

Badala yake nikamfundisha yangu ya lori. Ukifika mteremko, weka free. Toa gia kwenye D, weka N, acha gari lishuke lenyewe, wewe kazi yako ni breki tu. Mafuta ya bure hayo. Ndivyo nilivyofundishwa na madereva walionitangulia, na ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu wote, miaka yote hiyo.

Hibo anauza madera na sweta za shule. Kila Jumanne hupeleka mzigo Kaptama, kule juu Mlima Elgon, kwa mteja wake anayeitwa Cheptoo. Kutoka Kaptama unashuka hadi Kamukuywa. Wanaoijua barabara hiyo wanaijua. Lami nzuri, kona juu ya kona, na mteremko ambao hauishi haraka.

Chini kabisa unakutana na barabara kuu ya kutoka Kitale kwenda Webuye. Pale kwenye makutano kuna soko, kuna boda, kuna watoto wa shule, na malori hayasubiri mtu.

Jumanne hiyo Hibo alikuwa ameshusha mzigo wake, Cheptoo akampakilia magunia mawili ya viazi ya kumpelekea mamake Hibo kule Bungoma. Binti yetu Nimo alikuwa kiti cha nyuma.

Mimi nilikuwa darasani. Tumezunguka ule ubao wa mji mdogo ambao kila aliyesomea udereva Kenya anaujua, wenye raundi-abauti na vigari vya kuchezea. Mkononi nilikuwa na kagari kekundu, namweleza mwanafunzi wangu Sandra jinsi ya kuingia raundi-abauti.

Nikaamua kumpigia Hibo. Nilikuwa na tabia hiyo mbaya, kumwendesha mke wangu kwa simu. Na siku hiyo nikaweka sauti ya nje, wanafunzi wasikie mke wa mwalimu anavyoteleza na gari.

"Umefika wapi?"

"Ndio nimeanza kushuka, Baba Nimo. Wacha nikupigie nikifika chini." Simu yake ilikuwa kwenye kishikilio pale mbele.

Nyuma ya sauti yake nikasikia injini inanguruma.

"Hiyo gari inalia nini?"

"Si ni mteremko tu."

"Mteremko na kelele wapi na wapi? Weka free."

"Lakini Baba Nimo..."

"Hibo, weka free. Nani mwalimu hapa?"

"Haya."

Injini ikatulia. Nikawageukia wanafunzi nikawaambia, "Mmesikia hiyo raha? Sasa hapo hata tone la mafuta haitumii." Sandra akaandika kwenye daftari.

Tukaendelea kuongea. Habari za mamake, habari za Cheptoo. Dakika tatu, labda nne. Yeye alikuwa anajibu kwa ufupi, mimi nikadhani amenuna.

Halafu akasema, "Kuna kitu inanuka huku."

"Inanuka aje?"

"Kama kitu inaungua. Kama waya."

Harufu hiyo naijua kutoka siku za lori. Ni breki zimepikika.

"Simama kando," nikamwambia, nikijaribu sauti isibadilike. "Kanyaga breki, simama."

"Nakanyaga."

"Sasa simama."

"Nasir, nakanyaga!"

Tangu Nimo azaliwe Hibo alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu. Hapo ndipo nilipoogopa, sitadanganya.

"Mguu imeenda mpaka chini! Haishiki! Wallahi haishiki!"

"Pampu! Kanyaga uachilie, kanyaga uachilie!"

Nikasikia pedali ikigonga, du, du, du. Nikasikia upepo. Nikasikia Hibo akipiga honi bila kuachilia na akimwita Mungu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Na katikati ya hayo yote, Nimo, kwa sauti yake ya kawaida kabisa:

"Mama, mbona husimami?"

Mimi nikapiga kelele, "Zima gari! Chomoa ufunguo! Hibo, zima!" Nilirudia mara tatu, mara nne, natokwa na mate.

Nilipotazama skrini, simu ilikuwa imeshakata. Sikujua kama alinisikia.

Nikapiga. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Mteja hapatikani.

Jirani ya shule yetu kuna gereji ya Kipngetich, fundi anayeshughulikia gari letu. Nilimkimbilia nikiwa hata sauti sina. Hakuuliza mengi. Akaniingiza kwenye pikapu yake, tukashika barabara ya Kiminini.

Kutoka Kitale hadi Kamukuywa si mbali. Siku hiyo ilikuwa mbali. Kila gari lililokuja mbele yetu nilitazama uso wa dereva, kama ameona ajali au la.

"Mwalimu, ulimwambia afanye nini?" Kipngetich akaniuliza.

"Nilimwambia azime gari."

Nikaona anakaza mikono kwenye usukani.

"Nini, Kip? Sema tu."

"Akizima, usukani inakuwa ngumu kama jiwe, bana. Na akichomoa ufunguo, usukani inaweza kujifunga kabisa. Na hiyo barabara ni kona tupu."

Nilifungua dirisha nikatapika.

Mniambie, mtu anajionaje akishajua kwamba neno lake la mwisho kwa mke wake huenda ndilo lililomuua? Nilimwona Nimo na ile sweta yake ya njano. Nilianza kuhesabu ni nani nitampigia kwanza, mamake Hibo au imamu. Nilikuwa nimeshawazika.

Kipngetich alikuwa anaongea peke yake, nadhani ili ninyamaze kulia. "Ajabu ni kwamba brake pad za hiyo gari niliziangalia juzi. Zilikuwa nene. Miezi minane hazijaisha, na anashuka mlima kila wiki. Nikashangaa huyu mama anashuka aje."

Tulikuwa tumefika Kamukuywa, na mbele kulikuwa na umati.

Kipngetich ndiye aliyenifungulia mlango.

Gari letu lilikuwa nje ya barabara, limepanda kijilima cha nyasi kando ya posho mill ya kusaga mahindi, magurudumu ya mbele bado yakinuka kuungua. Halikuwa na mkwaruzo. Hibo alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi, ameshika chupa ya maji asiyokunywa. Nimo alikuwa anakula ndizi.

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi nikalia kama mtoto. Nilipoinua mkono kujipangusa, nikakuta bado nimeshika kale kagari kekundu. Kalikuwa kameniachia alama kwenye kiganja.

Mama mmoja muuza ndizi akaniinua. "Huyu ndio bwana yake? Ule mwarimu ametuambia arikuwa naye kwa simu? Watu, si mnaona! Arikuwa anamwelekeza kwa simu mpaka gari ikasimama!"

Watu wakaja kunisalimia. Mzee mmoja akavua kofia. Vijana wa boda wakanigonga gota, ngumi kwa ngumi, "Mwalimu, wewe ni moto!"

Na mimi, badala ya kusema ukweli kwamba sijui kilichotokea, nikasema, "Ni kazi yetu tu."

Ndiyo, nilisema hivyo. Hibo akanitazama, akageuka kando.

Umati ulipopungua, Kipngetich akainama kwenye gurudumu. Nikakaa karibu na Hibo.

"Baada ya pampu, ulisema nini?" akaniuliza.

"Hukusikia?"

"Simu ilitoka kwa kishikilio kwa ile kona, ikaanguka chini ikazima. Nilisikia pampu, basi."

"Nilisema uzime gari. Uchomoe ufunguo."

Kipngetich kule kwenye gurudumu akaacha kugonga.

"Alhamdulillah," Hibo akasema. "Alhamdulillah ilianguka."

"Sasa ulisimama aje?"

"Nilirudisha M."

"Kurudisha? M uliitoa wapi?"

"Nilikuwa M, Nasir. Ulivyopiga simu nilikuwa kwa M, gia ya tatu. Hiyo kelele uliyosikia ndiyo ilikuwa inashika gari. Ukaniambia niitoe."

Kumbe tangu mwaka jana Hibo hashuki na free. Wiki ya kwanza alipofika chini breki zinanuka, alimuuliza Cheptoo, ambaye hushusha viazi vyake mwenyewe kwa gari kila siku ya soko. Cheptoo akaingia naye garini, wakashuka pamoja, akamwonyesha. Alimwambia, "Sisi wa huku hatuweki free. Wale waliweka tuliwazika."

Siku zote nikiwa nje ya gari, mke wangu alikuwa anatumia M. Nikiwa ndani, anaweka free ili nisikasirike. Brake pad nene zilitoka huko.

"Nilivyoona breki haishiki," akanieleza, "nikatoa N nikaweka D, nikasukuma kwa M. Kwa dashibodi ikaandika nne. Nikavuta kwa alama ya kutoa, ikaandika tatu, injini ikapiga kelele, nikasikia gari inashikwa kutoka ndani. Nikavuta tena, ikakataa, ikalia tiii. Cheptoo aliniambia ikikataa usipigane nayo, ngoja mwendo ipungue. Nikangoja. Hiyo kungoja, Nasir, hiyo ndiyo ilikuwa mbaya, maana soko nilikuwa nimeanza kuliona. Nikavuta tena, ikakubali mbili. Nikafika hapa polepole, nikapanda hii nyasi, nikamalizia na handbreki."

"Kwa nini hukuniambia miezi hiyo yote?"

"Ningekuambia aje? Si wewe ndiye mwalimu."

Kipngetich akainua kichwa. "Na Mwalimu, samahani, hata hiyo mafuta hukuwa unaokoa. Hii gari ikiwa kwa gia na hujakanyaga mafuta, injini inakata mafuta yenyewe. Kwa free ndio inaendelea kunywa."

Nilitamani ardhi inimeze, na soko lote likiwa bado linaniita shujaa.

Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya wanafunzi nikamwomba Sandra afungue daftari, akate ile sentensi aliyoiandika. Wale wa zamani niliokuwa na namba zao niliwapigia mmoja mmoja. Wengine sina namba zao, na hao ndio wananikosesha usingizi. Kama ulijifunza kwangu, au kwa mtu kama mimi, basi haya ni yako.

Usishuke mlima na free. Weka M kabla ya mteremko, ukiwa bado na mwendo mdogo, usingoje mpaka katikati. Punguza gia moja moja. Injini ikipiga kelele usiogope, inakusaidia. Ikikataa kupunguza, ngoja mwendo ushuke kidogo kisha ujaribu tena. Breki iguse mara moja moja tu. Na gari likiwa linateremka, usilizime kamwe.

Na ninyi wenzangu mnaopenda kuendesha watu kwa simu, wacheni. Anayeona barabara ni yule aliye na usukani.

Ijumaa iliyopita tulishuka mteremko ule ule, Hibo akiendesha, mimi kando yake, Nimo nyuma. Simu ya Hibo ilikuwa ndani ya kibeti, imezimwa. Siku hizi akiwa njiani hanipokelei, na simlaumu.

Tulipopita kona ya kwanza, injini ikaanza kunguruma. Bila kujua, mkono wangu ukaanza kwenda kwenye gia.

"Mkono, Baba Nimo," Hibo akasema, bila kutoa macho barabarani.

Nikaurudisha kwenye goti.